Nani Anapanga Bei ya Kitabu Kilichoadimika?

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunalinung'unikia kila muhula, lakini hatujapata kulikalia kitako: bei ya vitabu vya fasihi ya Kiswahili ambavyo havichapwi tena. Tunapohakiki riwaya tumezoea kuanza na mwandishi na zama zake, tukaingia katika maudhui, tukamalizia na fani. Kitabu chenyewe, yaani karatasi, uzi na jalada, tunakichukulia kana kwamba kimeshuka tu mkononi mwa mhakiki. Sasa hebu muulize mwanafunzi anayetoka Vitongoji. Atakwambia kwamba riwaya ya zamani kwanza inatafutwa kwa maneno, mtu kwa mtu. Kisha inaonekana kwa mchuuzi Unguja au Dar es Salaam, bei inapatanwa kwa simu bila ya mnunuzi kukiona kitabu, halafu anatafutwa mtu wa kukileta kwa boti hadi Mkoani. Kutoka Mkoani kije Chake Chake, na kutoka Chake kipande daladala mpaka kwetu. Na akishakipata, hana hakika kama kurasa zote zimo. Kwa mtazamo wetu safari hii ni sehemu ya fasihi, na inastahili kuelezwa.

Tuanze na bidhaa ambayo Mpemba yeyote anaijua. Karafuu ina bei. Shirika la ZSTC huitangaza kwa madaraja, na mkulima, aridhike au anune, anajua kabla hajafika kituoni kilo moja italipwa nini. Kitabu kipya nacho kina bei, kwa kuwa mchapishaji amepiga hesabu ya karatasi, wino, mrabaha wa mwandishi na faida yake. Kitabu kilichoadimika hakina wa kuitangaza bei yake. Mchapishaji alishajitoa, pengine ameshakufa (tunasema kampuni, si mtu). Waliobaki ni wawili, mwenye nacho na anayekitaka, na kila mmoja anajaribu kumsoma mwenzake usoni. Wanaodhani kwamba bei kubwa ni ushahidi wa ubora wa kazi wanakosea. Wanaodhani kwamba mchuuzi ni mlanguzi tu, basi, nao hawajafika mbali, ingawa walanguzi wapo, tusifichane.

La msingi ni kwamba kila kitabu kina bei mbili ndani yake. Ipo bei ya matini, yaani maneno aliyoyaandika mwandishi, na ipo bei ya kitu, yaani nakala ile khasa yenye jalada lile na mwaka ule. Mfano mzuri tunao karibu. Mwaka 1972 kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kilitolewa kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, wakati Rodney mwenyewe akifundisha Mlimani. Matini yake haijapotea. Imechapwa mara nyingi, na mwaka 2018 kampuni ya Verso ilitoa chapa nyingine. Anayetaka kuisoma hoja ya Rodney hapati taabu. Lakini nakala ya 1972 yenye jina la TPH ni habari nyingine. Anayeilipia fedha nyingi hanunui hoja, hoja anayo tayari rafuni. Ananunua mahali na mwaka.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi kwenye soko moja la ng'ambo ambalo kwa mbali laweza kuonekana la kitoto. Ipo michezo ambayo watu hukaa kuzunguka meza, mmoja akasimulia, na wengine kila mtu akachukua uhusika wake na kuamua afanye nini, kisha dadu ikasema kama amefaulu. Ukiitazama sana ni ngano inayotungwa papo hapo, hadhira ikiwa ndiyo wahusika, ila inaongozwa na vitabu vya kanuni, na vingine vinene. Mchezo uliotangulia kuchapwa na kuvuma, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na kampuni ndogo ya TSR. Chapa ya kwanza ilikuwa ya makasha 1,000 tu, na kasha moja likiuzwa dola 10. Leo kasha la chapa hiyo linauzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 1980 kampuni hiyohiyo ilitoa kitabu cha miungu na mashujaa, Deities & Demigods, chenye kurasa 144, ambamo waliingizwa viumbe kutoka katika hadithi za H. P. Lovecraft na Michael Moorcock. Katika chapa zilizofuata sehemu hizo ziliondolewa na kitabu kikabaki na kurasa 128. Basi wanunuzi wa leo hawaulizi kwanza jalada likoje, wanahesabu kurasa. Hapo mwanafunzi wa fasihi atatabasamu, kwa kuwa wachuuzi hao wanafanya ile kazi ya kulinganisha matoleo ambayo sisi tunaikwepa.

Lakini lililo muhimu kwetu ni lile la mwaka 2013. Mwezi wa Januari mwaka huo wenye haki ya vitabu hivyo, Wizards of the Coast, walianza tena kuviuza vile vya zamani kama mafaili ya kompyuta kwa bei ndogo. Aliyetaka kucheza akapumua. Kasha la 1974 likabaki kuwa mali ya wakusanyaji. Yaani bei mbili zilizokuwa zimeng'ang'ania nakala moja zikaachana, na kila moja ikaenda kwa watu wake.

Kwetu hazijaachana, na hapo ndipo penye tatizo. Mtu aliyetaka kuzisoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, vitabu vyembamba ambavyo walimu wetu hawaachi kuvitaja wanapofundisha usasa na usasaleo, kwa miaka mingi ilimlazimu azishike nakala zilezile chache zilizotolewa na Dar es Salaam University Press. Hapakuwa na njia ya pembeni. Mwanafunzi mwenye bumu lake la muhula anajikuta katika foleni moja na maktaba ya Ulaya, na mtafiti mwenye ruzuku, na mtu anayependa tu kupanga majalada ya zamani kabatini. Wote wanne wanamtazama mchuuzi mmoja. Nani atashinda hapo?

Msomaji atauliza: kwani nakala hizo zilikwenda wapi? Jibu refu liko katika historia ya uchapishaji wetu, na linatuhusu sana sisi wa visiwani, kwa sababu riwaya zetu nyingi zilizaliwa ugenini. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitolewa mwaka 1960 na East African Literature Bureau. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed ilitoka Nairobi kwa East African Publishing House mwaka 1972, na Nyota ya Rehema kwa Oxford mwaka 1976. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba hii hii, Asali Chungu yake ilitolewa Nairobi na Shungwaya, na Utengano ikatolewa na Longman mwaka 1980. Sasa tukumbuke kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Literature Bureau ilikuwa mali ya Jumuiya, nayo ikaondoka nayo, na kilichobaki Nairobi kikawa Kenya Literature Bureau. Riwaya inayozungumzia mitaa ya Unguja ikawa ni bidhaa ya kigeni Unguja.

Upande wa Dar es Salaam palikuwa na TPH, iliyoundwa mwaka 1966 na Shirika la Maendeleo la Taifa pamoja na Macmillan ya Uingereza. Ndiyo iliyotupa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) za Shafi Adam Shafi. Hali ya uchumi ya miaka ya themanini sote tumehadithiwa na wazee wetu, na karatasi nayo ilikuwa moja ya vilivyokosekana. Walter Bgoya, aliyeiongoza TPH tangu 1972, aliondoka na mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota, ambayo ndiyo iliyotoa Vuta n'kuvute mwaka 1999. Tazama basi njia ya mwandishi mmoja: vitabu vyake vya mwanzo vimefungwa katika nyumba moja, cha baadaye kimetoka nyumba nyingine. Kezilahabi ndiye mwenye njia ndefu zaidi, kwani Rosa Mistika (1971) ilikuwa ya Literature Bureau, Kichwamaji (1974) ya Publishing House, na zile mbili za mwisho za chuo kikuu. Nyumba ikianguka, inaanguka na mikataba na mabamba yake ya chapa. Hakuna aliyepitisha uamuzi kwamba kitabu fulani kisisomwe. Kimekosa tu mtu wa kukichapa.

Baadhi ya nakala zilivuka bahari zikiwa mpya kabisa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966 kwa ajili ya kununua machapisho ya Afrika Mashariki, na SOAS ya London ni mnunuzi wa zamani zaidi. Hatuwalaumu, wamevitunza. Lakini ukizitoa hizo, ukatoa zilizoliwa na mchwa, zilizopigwa na mvua za masika na zilizofungiwa karanga (naam, kurasa za fasihi yetu zimefungiwa karanga), zilizobaki mikononi mwa watu si nyingi.

Uchache peke yake, hata hivyo, haupandishi bei. Vipo vitabu vya Kiswahili adimu mno ambavyo ukivipeleka sokoni utapewa bei ya karatasi chakavu, kwa sababu hapana anayevitaka. Kinachopandisha ni uchache ukikutana na haja, na haja ya kitabu cha fasihi huja kwa kishindo. Mtaala ndio wa kwanza. Kitabu kikiingia katika orodha ya mtihani kinachapwa kwa wingi na bei inatulia. Kikitoka, baada ya miaka michache kinaanza kupotea, na nakala zilizobaki zimejaa maandishi ya kalamu pembeni. Zawadi nayo ina kishindo chake. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, ameshinda Nobel, vitabu vyake vingi havikuwa madukani Marekani, na nakala kuukuu zilizokuwa zinauzwa rahisi zikapanda mara kwa siku chache tu. Neno moja ndani ya Memory of Departure ya 1987 halikubadilika usiku ule. Baadaye chapa mpya zikatoka, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota ikatuletea Peponi, yaani Paradise kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, na aliyekuwa na haja ya kusoma akasoma. Kifo cha mwandishi ni kishindo cha tatu, na tuseme kwa heshima kwamba Kezilahabi alipofariki Januari 2020 wengi waliomjua kwa jina tu ndipo walipoanza kuuliza vitabu vyake viko wapi.

Tena yapo mambo ya mashine ya kopi, ambayo wataalamu wa uchumi wa vitabu wa Ulaya sidhani kama wangeyafikiria. Kwetu, bei ambayo msomaji yuko tayari kuilipia matini ina dari, na dari hiyo ni steshenari. Tuseme riwaya ina kurasa 150, na karatasi moja ya kopi ni shilingi 100. Ukikifunua kitabu wazi, kurasa mbili zinaingia katika karatasi moja, basi unahitaji karatasi 75, yaani shilingi 7,500. Ongeza 2,000 za kubana. Kwa 9,500 una matini yote. Mchuuzi akikwambia 30,000, na mwenzako wa dahalia anayo nakala, utacheka na kuondoka. Ndiyo maana mchuuzi mjanja huuliza mapema: "Unakitaka mwenyewe au unamtafutia mtu?" Anachokichunguza ni kama uko chini ya dari au juu yake. Anayemtafutia mtu wa nje ananunua kitu, na kwa kitu kopi haisaidii. Dari hii lakini inashika pale tu ambapo nakala moja ya kunakili iko karibu. Chuoni mjini ipo. Vitongoji, kama nakala ya karibu iko ng'ambo ya bahari, dari imeezuliwa na bei inapanda ipendavyo. Sheria za hakimiliki, ya mwaka 1999 kwa Bara na ya mwaka 2003 kwa Zanzibar, zina la kusema kuhusu kopi hizi, na si la kutusifu. Hata hivyo mwandishi hapati mrabaha kwa kopi, na kwa nakala kuukuu vilevile hapati kitu, hata ikiuzwa kwa mamia ya dola. Mrabaha ulilipwa mara moja tu, siku kilipouzwa kikiwa kipya. Kuanzia hapo kitabu kinapita mikono kumi na yeye hamo.

Kuna athari nyingine ya bei ambayo haionekani sokoni. Kijijini kwetu yupo mwalimu mmoja mstaafu mwenye sanduku la vitabu alivyonunua tangu yuko masomoni, na humo imo Kiu ya chapa ya zamani, jalada limetoka, limeshonewa kitambaa. Miaka yote sanduku lile lilikuwa kama maktaba ya mtaa: vijana wa skuli walikwenda, wakaazima, wengine wakarudisha. Nilipomwendea kuuliza kama ataiuza, alicheka.

"Mwanangu, kaja hapa jamaa wa mjini kanambia elfu arobaini. Nikamwambia, kama kwako weye chafika elfu arobaini, basi na kwangu mie chafika."

Hakuuza. Lakini tangu siku ile haazimishi pia. Ukitaka kuisoma unakaa barazani kwake, unapewa kahawa, na magharibi kitabu kinarudi sandukuni. Tafadhali tulitazame jambo hili vizuri. Hakuna fedha iliyotoka mkono huu kwenda mkono ule. Neno tu la bei, lililosemwa na mtu aliyekuja akaondoka, limekigeuza kitabu kutoka kitu cha kusomwa kuwa kitu cha kuwekwa. Mwalimu hana kosa, alichopewa ni habari, na habari haisahauliki. Huo ndio utaratibu wenyewe wa bei ya kitabu adimu: anayeuliza ndiye anayeipandisha, na kila anayeuliza baadaye anaikuta palipoachwa na mwenzake.

Sasa turudi kwenye uhakiki. Ukipita katika tasnifu za shahada ya kwanza utakuta vitabu vilevile vinahakikiwa mwaka hadi mwaka. Tunaambiwa wanafunzi ni wavivu wa kuchagua mada. Uvivu upo, sikatai. Lakini mwenzetu mmoja alikuja na mada ya taswira ya mji katika riwaya za Zanzibar za miaka ya sabini, akakubaliwa, akatumia wiki tano kutafuta vitabu vinne, akapata kimoja na nusu (nusu ni kopi iliyokatika katikati), akaishia kuandika kuhusu tamthiliya iliyokuwa ikiuzwa dukani. Tasnifu yake ni nzuri. Ila ile ya kwanza haikuandikwa, na katika orodha ya tasnifu kutoandikwa hakuna namba. Baada ya miaka ishirini mtafiti atakayezihesabu tasnifu zetu atasema kizazi chetu hakikuvutiwa na Kiu. Atakuwa amezisoma bei zetu akidhani anasoma ladha zetu.

Na hata tunapofaulu, tunahakiki matini zenye majeraha. Ukurasa unaokatika kwanza katika kopi ni ule wa haki za uchapishaji, kwa kuwa mwenye kutoa kopi haoni faida yake. Matokeo yake ndiyo haya tunayoyaona katika marejeleo: Nagona kwa huyu ni ya 1987, kwa yule ni ya 1990, Asali Chungu mara 1977, mara 1978. Walimu hutukata alama, na wana haki. Lakini mara nyingi mwanafunzi hakuwahi kuuona ukurasa ule. Amenakili mwaka kutoka kwa mhakiki mwenzake, naye pengine vivyo hivyo.

Dawa ya kuchapa upya inajulikana na wachapishaji wetu wachache wanaifanya wanapoweza. Inapokwama ni kwenye haki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa kuwa sheria ya Bara inailinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, muda wake umekwisha. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991, kwa hiyo kwa hesabu hiyo ni mpaka 2041. Kwa hao na wengine waliolala katika nyumba zilizoanguka, mtu anayetaka kuchapa inambidi kwanza awapate warithi, wakubaliane, na ijulikane mkataba wa zamani ulikuwa unasemaje na uko kwa nani. Kwa Kezilahabi, asipopatikana wa kuifanya kazi hiyo ya kubisha hodi, ni kusubiri mpaka 2070. Nagona wakati huo itakuwa na umri wa miaka 80.